Riwaya za watu wenye nguvu za ajabu: mtumba wa Kiingereza, za Kiswahili au simulizi za WhatsApp? Nina elfu 40

KijanaWaMabatini
Wakuu mwangaluka. Niende kwenye mada moja kwa moja maana bando linakata. Nataka kununua riwaya zenye watu wenye nguvu zisizo za kawaida, yaani mtu anasogeza vitu kwa akili, anageuka mnyama, anaona yajayo, vitu vya hivyo. Nimepita kwa jamaa anauza vitabu vya mtumba hapa mjini Mwanza, ana Harry Potter tano kati ya zile saba (cha pili na cha sita hana) anataka 35,000. Duka lingine wana za Kiswahili, kati ya elfu 8 na 12 kimoja. Halafu kuna mshikaji ananiambia niachane na makaratasi nilipie simulizi za WhatsApp, buku jero kwa wiki. Nina 40,000 na haiongezeki. Wa mtumba kanishikia mpaka Jumamosi. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Dada_Nyakato
Unasoma wewe au unamnunulia mtu? Ana miaka mingapi? Kiingereza kinapanda? Hujasema hata kimoja halafu unataka tukuchagulie, hii ni kama mtu anaingia famasi anasema nipe dawa.

Mkerewe_Asilia
Mimi sihitaji hayo maelezo. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi, mtu wa kwetu, kazaliwa Namagondo hapo Ukerewe, unavuka na meli tu unafika kwao. Watu wanatafuta maajabu Uingereza wakati yako upande wa pili wa maji. Chukua zote mbili, chenji inabaki unakula sato.

SatoMkavu
Mkerewe nakuheshimu ila Nagona nimeisoma mara mbili na mpaka leo sijui nani ana nguvu gani. Ni kitabu kikubwa sikatai, lakini jamaa kaomba mtu anayesogeza vitu wewe unampa falsafa. Mtu akianza na hiyo hasomi tena riwaya maisha yake yote.

Mkerewe_Asilia
Kuielewa ni juu yako mkuu, mwandishi alishamaliza kazi yake.

KijanaWaMabatini
Samahani Dada Nyakato, ni ya mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu. Kagongwa na bodaboda, mguu umefungwa POP, wiki sita yupo nyumbani. Na mnapajua kwetu huku juu kwenye mawe, hata kushuka barabarani ni mpaka abebwe mgongoni. Anashinda kitandani anaangalia bati. Kiingereza anasoma, tena kunizidi.

Dada_Nyakato
Pole yake jamani, mpe pole sana. Sasa ungeanza na hilo. Kwa binti wa umri huo mimi namtafutia Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011. Mhusika mkuu ni binti wa miaka kumi na mbili anaitwa Sunny, kazaliwa Marekani lakini wanaishi Aba, Nigeria, na ni albino. Anapenda mpira kufa ila jua halimruhusu. Baadae anagundua ana uwezo wake, na uwezo wenyewe unahusiana na huohuo ualbino ambao watu walikuwa wanamchekea. Mimi nimekulia kanda hii ya ziwa kipindi kile wenzetu wenye ualbino wanawindwa, kuna mtoto darasani kwetu alikuwa anasindikizwa na kaka zake wawili kuja shule na kurudi, kwa hiyo kukuta kitabu mtoto wa hivyo ndiye shujaa, sio kiungo cha mganga, nilikifunga kidogo nikatoka nje.
Angalizo: kitabu hichohicho kimetoka pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Usije ukauziwa vyote viwili ukidhani ni cha kwanza na cha pili. Mimi yamenikuta.

MamaJunia
Mtoto yuko kitandani mgonjwa, badala ya kumpelekea maombi mnampelekea vitabu vya uchawi. Haya.

SatoMkavu
Mama Junia sio uchawi ni hadithi. Na Carrie nayo mngeitaja, ya Stephen King, 1974, ndo riwaya yake ya kwanza kuchapwa. Binti anaonewa shuleni, mama yake nyumbani ni mlokole wa kupitiliza, kumbe anaweza kusogeza vitu bila kugusa. Fupi, inasomeka siku mbili.

MamaJunia
Mlokole wa kupitiliza. Sawa, nimeelewa unaongea na nani.

SatoMkavu
Hapana mama yangu si wewe, ndo kitabu kilivyo!

Mwalimu_Mstaafu
Wanangu hamjambo. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu, niruhusuni. Kuna Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, 1952. Adili ni liwali, ndugu zake wawili Hasidi na Mwivu wamegeuzwa manyani na jini, na yeye kaamriwa awachape kila usiku. Sasa fikiria, kiongozi mzima anaingia chumbani usiku na mjeledi, anawachapa ndugu zake, akimaliza analia nao na kuwalisha. Asipowachapa atachapwa yeye. Darasa langu lilikuwa linanyamaza hapo. Nguvu za jini zipo lakini kinachouma ni mkono wa Adili. Kingine ni Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o, 1977, kijana wa shule anarithishwa uchawi na baba yake. Hakuuomba, hautaki, na hawezi kuurudisha. Hivyo vya nje mtoto akiambiwa ana nguvu anashangilia anafunga sanduku. Huyu wa Mung'ong'o anaingiwa na baridi.
Ila hiki cha pili nina neno nacho. Huku kwetu bibi zetu wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni na samadi za kupikia, mtu anaona jicho jekundu anasema mchawi huyo. Kwa hiyo kitabu kinachouchukulia uchawi kama kitu kipo kweli sikimkabidhi mtoto hivihivi. Nasoma naye.

Dada_Nyakato
Shikamoo mwalimu. Hapo kwa macho umenigusa, bibi yangu mzaa baba alihamishwa usiku.

MsukumaWaMagu
Mnahangaika na vya nje na vya pwani wakati tuna Ng'wanamalundi, mtu wa maajabu wa huku Usukumani. Ananyoosha kidole mti unakauka, watu wanaganda walivyo mpaka awaachie. Wajerumani walimkamata. Huyo mumwandikie riwaya ndo muongee na mimi habari za kusogeza vitu.

SatoMkavu
Ng'wanamalundi si riwaya mkuu, hiyo ni historia. Au hadithi. Sijui.

MsukumaWaMagu
Historia! Mtu kazaliwa, ana ukoo, ana kaburi. Nenda makumbusho ya Bujora pale Kisesa ukaulize.

Mwalimu_Mstaafu
Mtu alikuwepo, hilo halina ubishi. Mti kukauka ndiyo hadithi, na hadithi siyo tusi. Unaweza kuwa na vyote viwili kwa mtu mmoja.

MsukumaWaMagu
Mwalimu nakuheshimu kwa sababu ya umri tu hapo.

DalaliWaDagaa
Ngoja niwarudishe kwenye mada maana kuna mtu hapo juu kataja simulizi za WhatsApp na hakuna aliyemkanya kijana. Mimi nimeliwa. Ilikuwa simulizi ya mvuvi wa kisiwa cha Kome, anapasua sangara anakuta pete tumboni, akiivaa anasikia mawazo ya watu. Sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure kwenye grupu, baada ya hapo 1,500 kwa wiki unatumiwa sehemu tatu, nne. Aisee mwanzo ilikuwa moto. Kuna pahala yuko kwenye mtumbwi na mwenzake usiku, karabai inawaka, mwenzake anacheka nae huku jamaa anamsikia moyoni anahesabu hela atakayoipata akimsukuma majini. Niliisoma hiyo nikiwa mwaloni nasubiri mzigo, nikamwangalia mshirika wangu vibaya siku nzima bila kosa lolote.
Sasa shida ikaanza. Sehemu ya 21 anaruka. Ya 25 risasi haimpati. Ya 30 anasimamisha muda. Jamani mtu akishasimamisha muda unamwogopea nini tena? Kila akibanwa anapata nguvu mpya, mwandishi hataki kufikiria. Pete ile ya mawazo ikasahaulika kabisa. Na sehemu zikawa fupi, nusu ni "ilipoishia", nusu nyingine ni kukumbushwa kulipia. Nikaendelea kulipa kwa sababu nataka kujua baba yake alikufaje. Sehemu ya 47 yuko chini ya ziwa, malkia wa majini kamshika mkono anamwambia baba yako hakufa, baba yako ndiye, nukta nukta nukta, ITAENDELEA. Ndo ikawa mwisho. Tiki moja wiki nzima. Napiga, anapokea mama mmoja anasema hii laini kaisajili juzi. Wiki kumi na moja, 16,500, sijui baba ndiye nani.

Dada_Nyakato
Hahahaha nukta nukta nukta. Pole kaka.

KijanaWaMabatini
Dah. Basi WhatsApp naifuta. Ila wakuu kuna kitu sikusema, nimemuuliza dogo kiujanja leo, kumbe Harry Potter zote saba alishazisoma kwenye simu ya rafiki yake shuleni. Kwa hiyo hapo sijui.

Dada_Nyakato
Kijana!!! Yaani tangu juzi tunapiga kelele hapa.

SatoMkavu
Na ulikuwa unaenda kutoa 35,000.

Msomaji_Kirumba
Kama alishazimaliza zote saba huyo ni msomaji, mpe kitu kikubwa. Wild Seed ya Octavia Butler, 1980. Inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690. Kuna mwanamke Anyanwu ana miaka kama mia tatu, anaweza kugeuka chui, ndege, pomboo, na anajitibu kwa kuusikiliza mwili wake ndani. Anakutana na Doro ambaye ana maelfu ya miaka, huyo hana mwili wake, anavaa wa mtu na mwenye mwili anakufa hapohapo. Hawa wawili wanahitajiana na wanaogopana. Nguvu ya Doro ni moja tu kitabu kizima na inatosha kukunyima usingizi, haongezewi kama yule wa Kome. Ila kuna mambo ya wakubwa mle, isome kwanza wewe kaka mtu.

KijanaWaMabatini
Inapatikana Mwanza?

Msomaji_Kirumba
Ya kwangu nilitumiwa kutoka Dar, ikaja na basi. Kuazima siazimi, niliwahi kuazima ikarudi na alama ya sufuria.

Mkerewe_Asilia
Nagona inapatikana.

MamaJunia
Kijana, mimi niko Mabatini pia. Nina Adili na Nduguze ya marehemu mume wangu, hiyo naijua haina shida. Mtume mtu aje aichukue, na nitampikia huyo binti uji wa ulezi. Hivyo vingine sijaviona.

KijanaWaMabatini
Mama Mungu akubariki sana, nakuja jioni. Sasa ile 40,000 wakuu, Akata Witch au Mirathi? Na leo ndo Jumamosi, jamaa wa mtumba anafunga saa kumi na mbili.

MsukumaWaMagu
Nimetoka kumuuliza mzee wangu. Anasema babu yake alimuona kwa macho. Ng'wanamalundi. Kwa macho.

Msomaji_Kirumba
Dalali hebu subiri. Pete kwenye tumbo la sangara? Mimi niliyolipia kijana ni wa kisiwa cha Ukara, pete kaikuta kwenye sato, ila malkia wa majini yupo na hilo la baba hakufa lipo. Mwandishi alikuwa anatumia picha ya simba?

DalaliWaDagaa
Simba amevaa miwani! Ya kwako ilifika ngapi?

Msomaji_Kirumba
52.

DalaliWaDagaa
Baba yake ni nani?

Msomaji_Kirumba
Buku mbili nakurushia zote tano.

DalaliWaDagaa
Nakuja pm nipe namba.