Naomba ushauri: simba wa kauri wa Kashan, ninunue au niache?

Wakuu, salaam. Niko London, na muuza vitu vya kale mmoja ananishawishi ninunue kisanamu cha simba chenye urefu wa kiganja, kimechorwa kwa rangi ya dhahabu iliyoiva hadi kahawia. Anasema ni kazi ya Kashan, Iran, mwanzoni mwa karne ya 13.

Wafinyanzi wa Kashan hawakutumia udongo mtupu. Abu'l-Qasim, wa ukoo wa wafinyanzi wa huko, aliandika mwaka 1301 kuwa walichanganya sehemu 10 za kwatzi (madini magumu yaliyomo kwenye mchanga) iliyosagwa, 1 ya kioo na 1 ya udongo mweupe. Mng'ao huo wa rangi ya dhahabu walipata kwa kupaka misombo ya fedha na shaba juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha kukirudisha kwenye tanuri lenye moshi na hewa haba. Dhahabu yenyewe haimo hata chembe!

Kinachonitia shaka: masikio na mkia ni safi mno, na mchoro unakatika ghafla shingoni. Wapo wanaounganisha vipande vya vyombo tofauti, wakaziba kwa plasta na kupaka rangi upya. Je, taa ya urujuanimno (UV) itatosha kufichua viraka? Kipimo cha thamolumineshensi, kinachokadiria kauri ilichomwa lini, kinataka kutoboa, na kitatoa umri wa kipande kilichotobolewa tu, si simba mzima.

Halafu muuzaji hana karatasi za kuonyesha kilivyotoka Iran, anasema tu "mali ya familia". Waliozoea minada nisaidieni, anataka jibu Ijumaa.