Mjadala: Wanaojitolea kujenga nyumba za gharama nafuu wanamsaidia nani hasa?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu suala ambalo kila linapotajwa hupokewa kwa makofi, na kwa sababu hiyo halichunguzwi ipasavyo: je, ni sahihi jamii kutegemea nguvu za watu wanaojitolea katika kuwajengea nyumba wenzao wenye kipato kidogo? Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga asipoteze muda kuutafuta. Naunga mkono kujitolea, lakini siikubali sababu inayotolewa mara nyingi, kwamba kujitolea hushusha bei ya nyumba. Faida yake kubwa ni kumpa atakayeishi humo kauli juu ya makazi yake, na pasipo kauli hiyo ni afadhali wafadhili watoe fedha na mafundi walipwe.

Bei ya nyumba hubebwa na kiwanja, vifaa, miundombinu ya maji na umeme, ada za upimaji na vibali, riba ya mkopo, kisha ujira. Anayejitolea haupunguzi mzigo huo isipokuwa upande wa ujira, tena si ujira wote, kwa maana kusuka nondo, kuezeka na kutandaza nyaya za umeme ni kazi za wenye ujuzi. Zinazobaki ni kazi za saidia fundi, yaani kubeba tofali, kuchanganya mchanga na saruji, kujaza kifusi na kupaka rangi, ambazo ni kazi za heshima lakini ndizo zenye malipo madogo kuliko zote. Kwa hiyo mradi unaojigamba kwamba umeokoa fedha nyingi kwa sababu ya watu wa kujitolea unapaswa kuulizwa, kwa upole, kiwanja ulikipata vipi na mkopo wake unatozwa riba gani.

Shirika la Habitat for Humanity, linalowajengea nyumba wenye kipato kidogo na lililoanzishwa mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller huko Americus, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, linajulikana kwa picha za watu walioshika nyundo, hasa tangu Rais mstaafu Jimmy Carter na mkewe Rosalynn walipoanza kushiriki mwaka 1984. Picha hizo hazionyeshi utaratibu wa fedha ambao shirika liliujenga tangu mwanzo: familia ilikopeshwa bila riba wala faida, marejesho yake yakaingia katika mfuko wa kujengea nyumba za familia nyingine, na familia yenyewe ikatakiwa kutoa saa zake za kazi kwenye ujenzi. Ukiondoa utaratibu huo, nyundo zote zile zisingefika mbali.

Mchangiaji wa kwanza

Heshima yako, mleta mada. Mimi ni fundi mwashi, na nitasema hadharani yale ambayo mafundi huyasema pembeni. Kundi la kujitolea linapofika kwenye eneo la ujenzi, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni kibarua, naye ndiye hasa mtu wa kipato kidogo ambaye nyumba hizi zinadaiwa kujengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Mnamnyima ujira wa siku, kisha mnamwandikisha kwenye orodha ya wahitaji.

Lipo pia suala la ubora. Timazi na pima maji, vipimo vya kuhakikisha ukuta umenyooka, havijali nia njema ya mjenzi. Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa linapofikisha siku 28, na katika siku za mwanzo linatakiwa kumwagiliwa maji ili lisikauke haraka na kupasuka. Watu wa kujitolea huijaza siku ya kumwaga zege, lakini siku za kumwagilia huwaoni. Nimewahi kubomoa jioni kozi za tofali zilizopandishwa mchana na kundi la wageni, nikazijenga upya wao wakiwa wamekwisha kuondoka, na gharama ya kazi hiyo haikuandikwa mahali popote. Sasa anayehesabu kilichookolewa anahesabu nini? Na mtu asiye na mkataba wa ajira akianguka kutoka jukwaani, ni nani atakayelipia matibabu yake?

Mchangiaji wa pili

Ninyi wawili mnabishana kuhusu namna ya kufanya jambo ambalo mimi sioni kwa nini lifanywe na raia. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 25, linataja makazi miongoni mwa mahitaji ambayo kila mtu ana haki nayo, na haki haingojei Jumamosi ya watu wenye nafasi. Kila nyumba inayojengwa kwa kujitolea humpa mwenye mamlaka kisingizio cha kupunguza fungu la makazi katika bajeti.

Wala wasiwasi huu si mpya. Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Engels, katika maandishi yake ya mwaka 1872 kuhusu suala la makazi, alidai kwamba mfanyakazi anayepata nyumba yake mwenyewe na kuacha kulipa pango humfungulia mwajiri upenyo wa kushusha ujira, kwa kuwa ujira huelekea kufuata gharama za kuishi. Mtu anaweza kumkataa Engels katika mengine yote na bado hoja hiyo ikabaki imesimama.

Mleta mada

Hoja ya kibarua ni nzito, na jibu langu ni kwamba orodha ya wanaolipwa ipangwe na kufungwa kwanza, ndipo watu wa kujitolea waongezwe juu yake. Mradi usioweza kufanya hivyo haustahili kuwaita. Bima ya ajali nayo iwepo kabla ya tofali la kwanza, na hilo halina mjadala.

Kuhusu dola kukwepa wajibu wake, naomba tuitazame Uruguay, nchi ya Amerika Kusini, ambako sheria ya makazi ya mwaka 1968 ilitambua vyama vya ushirika ambavyo wanachama wake hujenga kwa kusaidiana. Serikali hukopesha fedha, wasanifu na wanasheria wa ushirika hulipwa, mafundi huajiriwa kwa kazi za ujuzi, na kila familia kwa kawaida hutoa saa 21 za kazi kwa wiki, saa ambazo huhesabiwa kuwa sehemu ya mchango wake. Hakuna anayejua wakati wa ujenzi ni nyumba ipi itakuwa yake, jambo ambalo huwazuia wanachama kutia bidii kwenye ukuta mmoja na kuujenga mwingine ovyo.

Watu hao hawakunyamaza baada ya kupata paa. Shirikisho lao, FUCVAM, lililoundwa mwaka 1970, lilivuka kipindi chote cha utawala wa kijeshi, na mwaka 1984 lilikusanya saini mitaani kupinga hatua ya kuzigeuza nyumba za ushirika kuwa mali ya mtu mmoja mmoja. Walikuwa wamezoeana katika kazi, wamekwisha kugombana na kupatana juu ya ratiba na hesabu, kwa hiyo kusimama pamoja mbele ya serikali hakukuwa kugeni kwao. Hiyo ndiyo kauli ninayoizungumzia. Msanifu majengo Mwingereza John Turner, aliyefanya kazi katika makazi ya watu wa kawaida nchini Peru kuanzia mwaka 1957, alisisitiza vivyo hivyo kwamba la msingi ni nani anayeamua, wala hakudai kwamba kila mkazi ashike mwiko.

Mchangiaji wa tatu

Ushirika wa saa 21 kwa wiki unamfaa mwenye afya na ndugu wa kumsaidia. Mama anayelea watoto peke yake, mzee, au mtu mwenye ulemavu atazitoa wapi? Ningependa mradi wowote uhesabu kwa thamani ileile saa za kutunza watoto wa wajenzi, kusimamia stoo, kuandika mahudhurio na kukagua hesabu, na uruhusu jamaa au jirani kutoa saa kwa niaba ya familia. Jambo jingine ni kuuza. Nyumba iliyojengwa kwa jasho la watu wengi ikiuzwa baada ya miaka michache kwa bei ya soko, jasho hilo limeingia mfukoni mwa mtu mmoja, na unafuu umeishia kwa mmiliki wa kwanza. Mkataba uweke ukomo wa bei ya kuuzia, au ushirika uwe na haki ya kununua kabla ya mtu mwingine.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye ukomo wa bei siafiki hata kidogo. Tajiri akijenga nyumba huuza apendavyo na hakuna anayemwuliza, lakini maskini aliyefanya kazi mwaka mzima katika ujenzi huo anaambiwa nyumba yake ipande bei kwa kiwango walichompangia wengine. Mleta mada, umezungumza sana kuhusu kauli ya mkazi. Je, inajumuisha kauli ya kuuza?

Mleta mada

Haijumuishi, kwa sehemu ile iliyojengwa na jasho la wengine. Thamani ya saa zake mwenyewe na marejesho aliyolipa aondoke nayo yote, pamoja na nyongeza ya mfumuko wa bei. Ukiona kanuni hiyo inamwonea, fundi, tuwekee hapa hesabu yako tuipime.