Nimeambiwa "Msijisumbue", lakini usiku moyo hautulii. Nifanyeje?

Mama wa Njombe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, na ninauza nguo za mitumba sokoni. Mwaka jana biashara ilipoyumba nilichukua mkopo wa kikundi, na marejesho yaliponishinda nikachukua mwingine, ile mikopo ya riba kubwa ambayo watu huiita kausha damu, ili nilipe wa kwanza. Sasa kila Jumatano ninatakiwa kupeleka shilingi 45,000, na mume wangu hajui habari za mkopo huu wa pili.

Kwa miezi kadhaa sasa ninaamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu. Simu huwa nimeilaza kifudifudi juu ya kigoda ili nisione mwanga wake ujumbe wa mdai unapoingia, lakini hata isipowaka ninaitazama. Moyo hunienda mbio, viganja hulowa jasho ijapokuwa huku kwetu ni baridi, nami hubaki nikipiga hesabu ile ile mpaka majogoo yanawika. Nimesali, nimefunga, na Wafilipi 4:6, penye neno hilo "Msijisumbue", ninaijua kwa moyo. Mama mmoja katika jumuiya yetu aliniambia kwa upole kwamba hofu ni dalili ya kukosa imani, na tangu siku hiyo ninabeba mizigo miwili: deni lenyewe, na woga kwamba Mungu amechukizwa nami kwa kuwa ninaogopa. Naomba kuuliza, mtu anawezaje kutii amri ya kutojisumbua wakati moyo wenyewe haumtii?

Mwinjilisti Mstaafu

Mwanangu, pole sana. Nianze na huo mzigo wa pili, kwa sababu haukupaswa kuwekwa mabegani mwako. Bwana wetu mwenyewe, kule Gethsemane, aliwaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ilikuwa na huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe pamoja naye, wala hakuna anayethubutu kusema kwamba alikosa imani. Paulo naye, aliyetuandikia tusijisumbue, anakiri katika 2 Wakorintho 11:28 kwamba kila siku alilemewa na maangalizi ya makanisa yote, na katika waraka huo huo kwa Wafilipi anasema anamrudisha kwao Epafrodito, aliyekuwa ameugua karibu na kufa, ili huzuni yake mwenyewe ipungue. Mtu huyu hakuwa na moyo wa jiwe.

Sasa tuusome mstari kwa ukamilifu, maana wengi wetu huukatia njiani. Baada ya "Msijisumbue kwa neno lolote" Paulo anaendelea: "bali katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru, haja zenu na zijulikane na Mungu." Hakutuagiza tuukandamize moyo mpaka unyamaze, ametuonyesha mahali pa kuyapeleka yale yanayousumbua, tena moja moja. Mke wangu alipougua, nilisali kwa majuma mengi nikisema "Bwana, utuangalie", na sikupata nafuu yoyote, mpaka usiku mmoja nilipomwambia Mungu waziwazi kwamba ninaogopa kumzika na kwamba sina nauli ya kumpeleka hospitali ya rufaa. Nililia sana usiku ule, kisha nikalala. Kwa hiyo mtajie Mungu hizo shilingi 45,000, itaje na Jumatano yenyewe.

Tena litazame neno "itawahifadhi" katika mstari wa saba. Kwa Kiyunani neno hilo hutumika kwa askari wanaolinda mji, na Filipi ulikuwa koloni la Kirumi ambako askari wastaafu walikuwa wamepewa makazi, hivyo wasomaji wa kwanza walilielewa mara moja. Aliyeliandika alikuwa kifungoni, chini ya ulinzi. Mlinzi anapokaa langoni, giza haliondoki na wezi hawatoweki duniani, ila aliye ndani anaweza kulala. Usipime imani yako kwa mapigo ya moyo wako saa tisa usiku, mwanangu. Na utakapoisali Sala ya Bwana, kumbuka kwamba katika Mathayo 6 tunafundishwa kuomba riziki ya leo kabla ya kuambiwa, katika sura hiyo hiyo, tusisumbukie ya kesho.

Muuguzi wa Zamu

Shalom, dada. Nakubaliana na mzee hapo juu, nami ninaongeza la upande wangu. Moyo kwenda mbio, jasho na kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mambo yanayostahili kupimwa, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni upungufu wa damu au tezi ya shingo, na wakati mwingine ni ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, ambao unatibika kwa mazungumzo na mshauri na, ikibidi, kwa dawa. Wengi wakisikia "afya ya akili" huwaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, wakaona aibu, kumbe unaweza kuanza kwa kumweleza daktari wa kawaida kama unavyomweleza habari za homa. Ikitokea hata mara moja ukawaza kwamba ni heri usiwepo, usisubiri. Nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Ninampenda sana Eliya wa 1 Wafalme 19. Alipokuwa chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Je, unakula vizuri, dada?

Aliyewahi Kudaiwa

Mwenzangu, nimesoma majibu haya kwa shukrani, ila kuna jambo moja ambalo naona limerukwa. Mume wako hajui. Mimi nilificha deni mwaka mzima, nikafunga na kukesha kanisani, na kila niliporudi nyumbani woga ulikuwa ukinisubiri mlangoni, kwa sababu nilichokuwa nikikiogopa zaidi hakikuwa mdai bali siku ambayo mume wangu angejua. Wagalatia 6:2 inatuambia tuchukuliane mizigo, na mzigo uliofichwa hauna wa kukupokea. Ikiwa unaogopa hasira yake, waombe wasimamizi wenu wa ndoa au mchungaji wakae nanyi. Baada ya hapo nendeni kwa mdai kabla Jumatano haijafika, muombe ratiba ndogo zaidi ya marejesho na mpewe kwa maandishi, na tafadhali usichukue mkopo wa tatu.

Mama wa Njombe

Nawashukuru nyote, Mungu awabariki. Mzee, nililia niliposoma habari za nauli. Dada muuguzi, kusema kweli nimekuwa nikishindia chai. Nitakwenda kupimwa Ijumaa, siku ambayo soko halina watu wengi.

Jana usiku niliamka tena saa ile ile. Nikachukua daftari la shule la mwanangu lenye kurasa zilizobaki, nikaandika kila rejesho na siku yake, na mbele ya kila moja nikamwambia Mungu ninachohofia. Moyo uliendelea kwenda mbio, lakini nilipofika rejesho la nne niligundua kwamba sikuwa nikipiga hesabu tena bali nikiongea na mtu anayenisikiliza.

Leo baada ya chakula cha jioni nimemwambia mume wangu. Amekaa kimya muda mrefu. Kisha ameniomba lile daftari, akaisogeza taa karibu, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Ninapoandika haya bado anasoma, na kalamu ameishika mkononi.