Mrejesho: Hilux iliyotetemesha usukani nikikanyaga breki

Wakuu, niliuliza kama nibadilishe pedi za breki za mbele peke yake au na diski (sahani za chuma zinazobanwa na pedi). Nimebadilisha vyote, kulia na kushoto. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Zangu zilishafika huko, kwa hiyo wazo la kuzichonga uso upya kwa mashine likafa palepale.

Diski ya kushoto iliganda kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa kutu. Ilikuwa na matundu mawili yenye nyuzi; fundi akakaza bolti humo kidogo kidogo, ikajisukuma yenyewe bila nyundo. Kisha akasugua habu kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa. Msiruke hatua hii, kutu ikibaki diski mpya inakaa upande na mtetemo unarudi.

Kalipa yangu (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ina pistoni nne. Moja ilikuwa nzito kurudi, ndiyo maana pedi moja ilikwisha kuliko wenzake. Tuliifungua, tukaweka sili mpya, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki.

Kabla ya kuondoka nilipampu pedali hadi ikawa ngumu. Usukani umetulia, hata mteremkoni na mzigo. Bado ngoma za breki za nyuma, nitazifungua mwisho wa mwezi.