Tupeane uzoefu: sanskrini kwa anayeshinda juani, kuanzia Nakuru hadi ziwani

MkemistiNaks
Wadau, hamjambo. Uzi huu ni wa wale ambao kazi au matembezi yao ni ya nje: shambani, ziwani, barabarani, uwanjani. Tuandike kuhusu sanskrini, yaani losheni ya kukinga ngozi na jua: kinachosaidia na kinachoharibu, tena kwa vipimo, ili anayesoma ajue anunue nini na apake vipi. Naanza na ya dukani.

Swali la kwanza la mteja huwa ni namba ya SPF, yaani kiwango cha kinga: 30, 50 au 100? SPF 15 huzuia karibu asilimia 93 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, SPF 30 karibu asilimia 97, SPF 50 karibu 98. Kuanzia 30 kwenda juu, bei hupanda haraka kuliko kinga. Tena namba hizo hupimwa kwa kupaka miligramu 2 kwenye kila sentimita mraba ya ngozi, na watu wengi hupaka robo hadi nusu ya hapo. Ukipaka nusu, SPF 50 yako inakukinga kama 25 au chini yake. Ndiyo maana nawaambia watu wanunue 30 au 50 ya bei ambayo hawataionea uchungu kuimimina. Losheni ghali inayopakwa kwa ncha ya kidole haifiki popote.

Kipimo rahisi ni kijiko cha chai, kile cha ml 5. Kimoja cha uso, shingo na masikio. Kimoja kwa kila mkono, kimoja kwa kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Hivyo ni vijiko saba, ml 35, kwa mtu mzima aliye na nguo ya kuogelea. Akirudia baada ya saa mbili, tyubu ya ml 50 imemwisha kabla ya chakula cha mchana. Hapo nguo zinaingia kwenye hesabu: ukivaa shati la mikono mirefu, suruali na kofia pana, unabaki na uso, shingo, masikio na migongo ya viganja, yaani kijiko kimoja na nusu hivi.

Kwenye chupa tafuta mambo manne. SPF 30 au zaidi. Maneno "broad spectrum", au herufi UVA ndani ya kiduara, kwa sababu SPF yenyewe hupima zaidi UVB, na UVA ndiyo inayozeesha ngozi na kukoleza madoa. Dakika za kustahimili maji, ambazo huandikwa 40 au 80. Mwisho, tarehe ya kuisha, pamoja na kile kichoro cha kopo lililofunguliwa chenye 12M, maana yake miezi 12 tangu ulipoifungua. Chupa isiyo na alama ya KEBS (Shirika la Viwango Kenya) wala stika ya bidhaa za nje, au iliyokaa juani kwenye meza ya mchuuzi, iache hapo hapo.

Na gawanya bei kwa ml. Chupa ya ml 200 ya shilingi 2,000 ni shilingi 10 kwa ml. Tyubu ya ml 50 ya shilingi 900 ni 18. Hiyo "ya bei nafuu" ndiyo ghali.

KochaWaMbio
Asante mkemisti. Niongeze habari ya mwinuko, kwa sababu huku juu watu hudanganywa na baridi.

Joto unalosikia ni jambo moja na miale ya urujuanimno (UV) ni jambo lingine. Kila unapopanda mita 1,000, miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12. Kisumu iko mita 1,100 na kitu, Nakuru karibu 1,850, ukingo wa Menengai umepita 2,200, Iten karibu 2,400. Mwanariadha wa Iten anayefanya mazoezi kwa koti asubuhi ya baridi anapigwa na miale mikali kuliko mtu anayetokwa jasho Kondele, Kisumu, saa hiyo hiyo. Mawingu nayo yasikulaze: wingu jepesi hupitisha hadi asilimia 80.

Saa za hatari zisome kwa kivuli chako. Kivuli kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jikinge. Huku kwetu kwenye ikweta, mwezi wa Machi na Septemba, hiyo ni takriban saa tatu na dakika 40 asubuhi hadi saa tisa na dakika 40 alasiri. Jua la utosi lenyewe halifiki saa sita kamili. Sisi tuko magharibi mwa mstari unaopimia saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo Kisumu hufika kati ya saa sita na dakika 25 na saa sita na dakika 55, kutegemea mwezi. Mazoezi marefu yaishe saa tatu. Michezo ya shule inayopangwa saa sita hadi saa nane inawaweka watoto kwenye saa mbaya kuliko zote, na walimu wanaweza kuisogeza bila gharama yoyote.

Wakimbiaji hulalamika kwamba losheni inawachoma macho. Inateremka na jasho kutoka kwenye paji. Paji la uso lipakwe sanskrini ya kijiti, ile ngumu kama nta, au ile ya zinki, na losheni nyepesi ibaki mashavuni na shingoni. Mkanda wa kitambaa kichwani pia unasaidia. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, ngozi ikiwa kavu. Ukipaka juu ya jasho, losheni haishiki, inateleza nalo.

Achieng_Milimani
Wataalamu, naomba niulize lile ambalo wengi wanalo moyoni. Sisi weusi tunahitaji hii kitu kweli? Na nyingi zinatuacha uso kama umepakwa majivu.

MuuguziWaNgozi
Dada Achieng, swali zuri, nalijibu kwa kirefu.

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inakinga, ndiyo. Ngozi nyeusi sana huzuia UVB kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa kama SPF 13. Inatosha kwa kutembea kutoka stendi hadi ofisini. Kwa saa tano kwenye mtumbwi haitoshi. Sababu kubwa ya mtu mweusi kupaka ni madoa: yale mabaka ya mashavuni yanayokuja wakati wa ujauzito au kwa dawa za kupanga uzazi, na alama nyeusi zinazobaki chunusi ikipona. Jua huyakoleza, na dawa yoyote ya madoa bila kinga ya jua ni pesa iliyotupwa. Wanaotumia krimu za kung'arisha ngozi wako kwenye hatari zaidi, kwa kuwa wameivua ngozi kinga yake. Zile zenye zebaki au hidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini; sanskrini haisafishi madhara yake.

Kuna jambo lazima niliseme wazi. Ile saratani kali ya ngozi inayoitwa melanoma, kwa watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si sababu. Sanskrini haikuondolei haja ya kukagua nyayo zako. Doa jipya linalokua, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, upeleke hospitali.

Sasa majivu. Yanatokana na zinki oksidi na titani dioksidi, ambazo ni unga mweupe unaobaki juu ya ngozi. Una njia tatu. Chukua yenye vichujio (viungo vinavyozuia miale) visivyo vya madini, kama avobenzoni au bemotrizinoli, ambavyo havionekani vikikauka. Au chukua ya madini iliyotiwa rangi ya kahawia: rangi hiyo ni oksidi za chuma, na hizo huzuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa. Kwa mwenye mabaka mashavuni hii ndiyo ninayoitetea kuliko zote. Au, kama unayo nyeupe tayari, ipake kwa awamu mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke dakika chache.

Usipake juu ya mafuta ya mgando. Losheni inahitaji kutengeneza utando unaoshikamana na ngozi, na juu ya mgando utando huo hukatika na kujikunja vijidonge. Anza na losheni nyepesi, subiri inyonywe, kisha sanskrini, kisha poda kama unatumia. Mafuta ya nazi hayana kinga ya kutegemewa, hata yakisifiwa vipi.

NahodhaDunga
Ya ziwani sasa. Upepo wa alasiri unaburudisha, na hapo ndipo watu huungua bila kusikia. Maji yenyewe hurudisha miale kidogo, chini ya asilimia 10, ila povu hurudisha kama asilimia 25, na mtumbwi hauna kivuli. Anayeogelea asidhani maji yanamficha: nusu mita chini bado kuna asilimia 40 ya miale ya juu.

Pakeni nchi kavu kabla ya kupanda. Abiria wengi hutoa tyubu wakiwa wamesharushiwa maji, na ngozi iliyolowa haishiki. Ile ya dakika 80 nayo huondoka ukijifuta kwa taulo, kwa hiyo kila baada ya kujifuta, rudia.

Sehemu zinazosahaulika nimezizoea: ncha za masikio, kisogo, juu ya nyayo kwa waliovaa ndara, chini ya kidevu, midomo, na njia za kichwani kwa akina dada waliosuka. Zile njia ni ngozi tupu inayotazama jua la utosi. Leso kichwani inatosha, au kijiti cha sanskrini kipitishwe kwenye kila njia. Midomo itafutiwe dawa yake yenye SPF 30.

Za kupuliza hazifai kwenye mtumbwi, upepo unazipeleka Homa Bay. Kama ndiyo unayo, pulizia kiganjani kisha pakaza. Na isipuliziwe karibu na jiko wala sigara, inashika moto.

Miwani iwe na alama UV400. Miwani myeusi isiyo na kinga inapanua mboni na kuingiza miale zaidi ndani ya jicho.

Kiprono_Nandi
Swali kwa NahodhaDunga au yeyote. Jioni ziwani kuna mbu. Dawa ya mbu inatangulia au inafuata?

MkemistiNaks
Inafuata, kaka. Sanskrini kwanza, ikauke dakika 20, dawa ya mbu juu yake. DEET, kiungo cha dawa nyingi za mbu, hupunguza SPF kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo anza na 50 kama utapaka zote mbili. Zile zilizochanganywa kwenye chupa moja siziuzi kwa moyo, kwa sababu sanskrini hurudiwa kila saa mbili na DEET haipaswi kupakwa mara nyingi hivyo.

Pia angalia dawa unazomeza. Doxycycline, ambayo wageni wengi humeza kuzuia malaria, huifanya ngozi iungue upesi. Septrin na baadhi ya dawa za presha nazo zimo kwenye orodha hiyo. Usiache dawa, ongeza kivuli na nguo.

MwalimuKakamega
Nawaombea nafasi watoto wenye ualbino, kwa sababu kwao haya yote si ya urembo.

Kofia ya ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote. Kepi huacha masikio na kisogo, na hapo ndipo vidonda huanzia. Shule inayokataza kofia darasani au gwaride imruhusu huyu kwa maandishi. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa kwa kubana: kiinue kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya, miale nayo inapenya. Pamba nyeupe nyembamba ikilowa jasho hupoteza kinga zaidi. Sanskrini ipakwe nyumbani asubuhi, irudiwe mapumziko ya saa nne na baada ya chakula cha mchana. Mtoto mdogo apakwe na mtu mzima. Akijipaka mwenyewe huacha masikio. Akae mbele karibu na ubao, mbali na dirisha linalommulika.

Losheni ya bure ipo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino sanskrini kupitia hospitali za umma zilizochaguliwa. Mzazi aanzie ofisi ya baraza hilo kwenye kaunti yake, amwandikishe mtoto, aelekezwe hospitali ya karibu. Kidonda kisichopona wiki nne, gamba linalorudi, au kipele kinachotoka damu kionwe na daktari bila kungoja kliniki ya mwezi ujao. Kikiwa kidogo hukatwa kikaisha.

Na watoto wote walio chini ya miezi sita: kivuli na nguo, sanskrini isitumike.

DerevaWaMolo
Fupi. Vioo vya pembeni huzuia UVB lakini UVA nyingi hupita. Madereva wetu mkono wa kulia na shavu la kulia ndivyo hukolea. Mkono wa shati mrefu, na kijiko nusu shavuni na shingoni kabla ya safari. Na tyubu isiachwe kwenye dashibodi.

Nekesa_Ahero
Hilo la dashibodi linatuhusu sisi wa mpunga pia, chupa inaachwa kwenye tuta siku nzima. Losheni iliyopata joto inajulikanaje kwamba imekufa? Na shati langu la kazi lina madoa ya rangi ya kutu kwenye kola, je, ni losheni?

MkemistiNaks
Mama Nekesa, ni losheni. Avobenzoni ikikutana na chuma kilicho kwenye maji ya kisima hutoa rangi ya kutu. Jiki huzidisha, usitie. Loweka kola kwenye maji ya ndimu na chumvi, suuza, kisha fua kwa sabuni ya maji. Losheni ikauke kabisa kabla ya kuvaa, au tumia ya zinki kwa sehemu ya shingo.

Kuhusu joto, nyingi huandikwa zikae chini ya nyuzi 30. Ifunge kwa kitambaa chenye unyevu, uiweke ndani ya kapu la chakula kivulini. Kuijua: itikise, mimina kidogo kiganjani. Yakitangulia maji na mafuta kisha mabonge, au ikiwa na chembe kama mchanga, au harufu imebadilika, itupe hata kama tarehe haijafika. Vichujio vimejitenga, na hakuna kutikisa kutakakovirudisha sawasawa. Utapaka maji sehemu moja na dawa sehemu nyingine.