Tupeane uzoefu: uliwahi kuchanganyikiwa baada ya kujifungua?

Naanza mwenyewe. Nilijifungua salama, siku ya nne usingizi ukakata. Mtoto kalala fofofo, mimi nafagia chumba saa nane usiku, nina nguvu za ajabu. Siku ya sita redio ya jirani ikawa inanitaja jina. Mama akaleta mtori, nikajua una sumu, nikaumwaga kwenye beseni la nepi. Linaloniuma mpaka leo ni mwanangu: niliamini wamembadilisha wodini. Nikawa namkagua masikio. Sikumwambia mtu, si wote walikuwa kwenye mpango? Nikapelekwa kwenye maombi kwanza, siku tatu za mkesha. Hospitali baadaye. Wenzangu, kwenu ilianzaje?

*Mume, Morogoro*
Kwetu wazee walisema nilichepuka wakati wa ujauzito, eti ndicho kilichomchanganya mke wangu. Nikawekewa kikao. Huku wananijadili, mke wangu katoka kwenye mvua kumtafuta mtoto, na mtoto yuko ndani, mgongoni kwa shangazi yake. Hospitali daktari akaniuliza mke wangu jana amelala saa ngapi. Sikujua.

*Mkunga*
Huku kuchanganyikiwa akili huwapata 1 au 2 kati ya wanaojifungua 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Msichanganye na vile vilio vya siku chache vinavyopita vyenyewe. Hii ni dharura, hospitali siku hiyohiyo, na mama asiachwe peke yake na mtoto hata ukienda dukani tu. Tukimpokea tunapima presha na damu, maana kifafa cha mimba na maambukizi navyo humchanganya mtu. Dawa zipo, na wengi hupona kabisa. Mwenye bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), au ambaye mama au dada yake yalimkuta, aseme kliniki mapema jamani.

*Mama wa wawili*
Mimi uzao wa pili nilisema tangu mimba ina miezi mitano, kwa sababu ikishakupata inaweza kurudi. Dawa zikapangwa kabla, usiku mama mkwe anabaki na mtoto, mimi nalala. Haikurudi. Ila mtaani bado ni "yule aliyechizika".

*Mwanzisha mada*
Kaka wa Morogoro, mkeo mlimpata wapi?

*Mume, Morogoro*
Kijiweni kwa bodaboda, dada. Kijana mmoja alikuwa amemvalisha koti lake, anamuuliza mtoto amevaa nguo gani ili wamsaidie kutafuta.