Mjadala: Hadithi ya ukoo kwenye sweta za Aran iachwe?

Wakuu, habari za wakati huu.

Sweta za Aran, visiwa vya magharibi mwa Ireland, huuzwa na hadithi kwamba kila ukoo ulikuwa na nakshi yake, ili mvuvi aliyezama atambulike maiti yake ikitupwa ufukweni. Mpaka leo zipo zinazouzwa kwa majina ya koo, hasa kwa wajukuu wa wahamiaji waliopo Marekani. Ushahidi wa jambo hilo haupo. Kinachofanana nalo ni tamthilia ya J. M. Synge, Riders to the Sea, ya 1904: dada anamtambua kaka yake aliyekufa maji kwa soksi, si sweta, kwa kuwa anakumbuka vitanzi vinne alivyoviacha akiifuma. Nakshi zenyewe zilishamiri karne ya 20, wanawake wakifuma wapate kuuza.

Mimi nasema iachwe. Inawapora wale akina mama ubunifu wao na kuukabidhi kwa mababu wasiojulikana. Tena inafunika mila za nguo zilizokuwepo kweli. Mkesha wa Mtakatifu Brigida wa Ireland, Januari 31, kitambaa huachwa nje usiku kucha kipate baraka zake. Kinaitwa Brat Bríde. Asubuhi huingizwa ndani na kutunzwa: kichwa kikiuma hufungwa nacho, mama akishikwa na uchungu huwekewa, hata ng'ombe anayezaa kwa shida. Aliyeteguka alifungwa uzi wenye mafundo uliosomewa maneno. Mambo ya namna hii watoto wa shule waliyaandika kutoka kwa wazee wao kati ya 1937 na 1939, na daftari zipo.

*Jibu:* Mkuu, hadithi ndiyo inayouza. Ukiitoa, mtalii atachukua sweta yoyote ya kiwandani. Na hicho kitambaa, nani amethibitisha kinaponya?

*Mtoa mada:* Sijasema kinaponya. Aliyevunjika aende hospitali. Nasema watu walikifanya kweli, na wengine wanakifanya bado. Kuhusu soko, tangu Desemba 1, 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kazi za mikono zilindwe kwa jina la mahali zinakotoka. Mfumaji ataje kisiwa chake na mkono wake.

*Jibu:* Na bibi aliyenunua sweta ya ukoo wake akamzika mumewe nayo, utamwambia nini?

*Mtoa mada:* Yeye simwambii kitu. Namwambia aliyemuuzia.